Vile unaendesha kikundi cha ngoma kwa watu wenye dipresheni na baipola

Huku kwetu Uganda ngoma haikosi, iko shuleni, iko kanisani, iko kwenye arusi, iko kwenye lumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba, kwa hiyo mtu akisikia inaweza kusaidia watu wenye dipresheni, ile huzuni nzito isiyoondoka, au baipola, ugonjwa wa mtu kupanda juu sana na kushuka chini sana, anadhani ni kazi rahisi, unanunua ngoma tano, unaita watu, mnapiga mpaka jasho linatoka, basi wamepona. Haiendi hivyo. Mimi niko na kikundi hapa Kampala, upande wa Katwe na Nsambya, kuna Waganda, kuna Wanubi, kuna Wakongo, ndiyo maana tunaongea Kiswahili, na nataka nieleze vile kinaendeshwa ili na wewe uanzishe kwako, iwe Mbale, iwe Arua, iwe Nakivale kambini.

Kitu cha kushika kabla ya vyote ni hiki: kwenye kikundi hiki ngoma inawaleta watu kwenye mwendo mmoja. Aliye chini hatumsukumi, aliye juu hatumpandishi. Ukilishika hilo mengine yote yanafuata, na ukilisahau utageuza kikundi kuwa timu ya kucheza kwenye sherehe, wale wenye nguvu watapiga na wale ambao kikundi kilikuwa chao watabaki pembeni wanapiga makofi.

Je inasaidia kweli? Mwaka 2016 watafiti wa London, Daisy Fancourt na wenzake, walitoa matokeo ya watu waliokuwa wanapata huduma za afya ya akili, hao walipiga ngoma pamoja mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 10. Kufika wiki ya 6 dipresheni ilikuwa imeshuka, kufika wiki ya 10 hata wasiwasi ulikuwa umeshuka, na miezi 3 baadaye bado walikuwa vizuri. Walikuwa watu wachache na hawakugawanywa kwa kura nani apige nani asipige, so usimwambie mtu ati imethibitishwa inaponya, sema inasaidia, hiyo ni kweli na inatosha. Na hapa hapa kwetu, Masaka na Rakai, kuna utafiti ulitoka 2003, vijiji 30, hapo hakukuwa na ngoma, watu walikuwa wanakaa kikundi na kuongea dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wanaoongoza ni watu wa hapo hapo waliofundishwa wiki mbili tu, na dipresheni ilishuka sana. Mimi hizo mbili naziweka pamoja. Mtu anahitaji kikundi cha watu wale wale, siku ile ile, saa ile ile, na ngoma inampa cha kufanya kabla hajapata maneno ya kusema.

Dawa zinabaki pale pale. Hilo liseme siku ya kwanza na ulirudie, maana kila mara kuna mtu akijisikia poa wiki mbili tatu anaacha vidonge anasema ngoma imemtosha. Usianze kabla hujaongea na nesi au kliniko, yule tabibu, wa akili wa eneo lako, muulize wagonjwa gani wametulia kiasi cha kukaa kikundini, na mkubaliane ukiona mtu amebadilika unampigia nani. Kila mwanakikundi naye akupe namba ya mtu wake mmoja anayemwamini, na aseme mwenyewe akiwa mzima, "mkiona nimeanza hivi na hivi, mpigieni huyu." Usisubiri mpaka amepanda ndiyo uanze kutafuta namba.

Sasa saa. Fanyeni asubuhi, saa nne ni nzuri, msifanye jioni. Mtu wa baipola usingizi ndiyo ngao yake, akipiga ngoma mpaka saa mbili usiku akarudi nyumbani damu inachemka anaweza kukesha, na kukesha ndiyo mlango ambao mania, ile hali ya kupanda, inapitia. Saa saba mchana nayo ni mbaya, jua ni kali na kuna dawa za akili kama klopromazini zinazofanya ngozi iungue haraka na mwili ushindwe kupoa vizuri. Kaeni chini ya mti, mwembe au mfenesi. Chumba cha mabati kiache kabisa, sauti inarudi inagonga masikio, na mtu aliyelala vibaya au mwenye wasiwasi hatarudi wiki inayofuata.

Maji yawepo. Jerikani ya maji ya kunywa na vikombe, na usimamishe kila baada ya nusu saa watu wanywe. Hasa anayemeza lithiamu, dawa ya baipola, akitoka jasho sana bila kunywa dawa inajaa kwenye damu, ukimwona mikono inatetemeka kuliko kawaida yake, anatapika, anaharisha, anatembea kama amelewa, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, si wa kupumzishwa kivulini.

Ngoma zenyewe. Ukiwa na hela nenda Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, hapo ndipo wanachonga, utazikuta zimepangwa kando ya barabara. Chukua mbuutu moja kubwa, hiyo ndiyo inabeba wote, empuunyi moja au mbili za sauti nzito, na engalabi moja tu, ile ndefu ya ngozi ya kenge, maana sauti yake ni kali na nitarudi kwa hilo. Nankasa ya kupiga kwa vijiti nzuri kwa mtu ambaye dawa zimekaza vidole. Kama hela hakuna, jerikani tupu ya lita 20 igeuzwe juu chini ipigwe kwa kandambili, inatoa sauti nene ya chini kabisa, na wengine wanaipenda zaidi kwa sababu hawaogopi kuiharibu. Lakini msichanganye mkawa na watu watatu wa ngoma na watu saba wa jerikani, ambaye amezoea kuonekana wa mwisho atajua tu. Aidha zizunguke kila mtu azipate zote au wote mtumie jerikani.

Watu 8 mpaka 12 wanatosha. Duara, viti au mikeka, na acha njia ya kutokea, mtu asipite katikati ya wenzake akitaka kwenda choo au akitaka tu kuondoka kidogo. Wewe kaa kwenye duara kama wengine, usisimame katikati.

Kabla hamjagusa ngoma, zunguka uulize kitu kimoja tu: umelala vipi? Hilo swali linakupa habari nyingi kuliko uko aje, maana uko aje kila mtu anajibu niko sawa. Amelala masaa kumi na nne na bado amechoka, unajua. Hajalala usiku wa pili huu na anakuambia ako fiti kuliko siku zote, ana mipango ya biashara tatu, anataka yeye ndiye aongoze leo, hapo pia unajua. Huyo wa pili usimfukuze na usimkatalie mbele ya watu. Mpe mbuutu, umwambie "leo kaka wewe ndiye nguzo, usibadilishe hata kidogo," umkalie karibu, na mkimaliza umpigie yule mtu wake kama mlivyokubaliana.

Kinachofundishwa kwanza kabisa ni kusimama, yaani kuacha kupiga wote pamoja. Naona wengi wanakiacha. Unainua mkono, ukiufunga ngumi kila mtu anasimama, mnarudia mara nyingi mpaka kimya kinaingia wote mara moja. Watu wanacheka, ni sawa, wacheke. Mtu ambaye kichwa chake hakisimami, mawazo yanakimbia usiku kucha, anapata kitu ambacho kinasimama na yeye ndiye amekisimamisha. Na kwako ni usalama, siku mambo yakipanda una breki.

Alafu mikono juu ya ngozi bila kupiga. Mmoja tu ndiye anapiga mbuutu polepole, wengine wanasikia mtetemo ukija kwenye viganja. Kulikuwa na mama mmoja kwetu, amejifunika leso kichwani, alikaa hivyo mara nyingi, kila akija anaweka viganja kwenye empuunyi na hapigi, wengine wanapiga yeye anashika tu. Hakuna aliyemwambia mama piga. Siku moja kidole kimoja, kile cha shahada, kikaanza kufuata mbuutu, ukikaa mbali huoni, aliyekaa naye ndiye alisikia na akapunguza ya kwake ili ile isikike. Hivyo ndivyo unaongoza kikundi hiki, unapunguza ya kwako.

Baada ya hapo mdundo wa wote, pigo moja pigo moja, mwendo wa mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Mkae hapo dakika tano, hata kumi. Utaona kikundi chenyewe kinaanza kukimbia, kila kikundi kinakimbia, watu wakisikia raha wanaongeza mwendo bila kujua. Kazi yako yote ya asubuhi hiyo ni kuuzuia usikimbie. Usipige kelele "polepole!", shika tu mbuutu pale pale na uipige chini zaidi, watarudi.

Wakishazoea, tumia majina ya miji. Msianze na majina yao wenyewe, kuna mtu jina lake limeitwa vibaya miaka, kuna mwingine hapendi kusikika. Miji haina shida. Bo-mbo ni mapigo mawili, Ka-mpa-la matatu, Na-ki-va-le manne. Wote waseme kwa mdomo wakipiga, pigo la kwanza zito, mengine mepesi, mapigo yote yafuatane kwa mwendo ule ule. Alafu gawanya duara mafungu matatu, hawa Bombo, hawa Kampala, hawa Nakivale, waanze pamoja. Mwanzo ni fujo, kila mtu anavutwa na jirani. Lakini ukihesabu 12 wote wanakutana tena kwenye pigo zito, Bombo amekwenda mara sita, Kampala mara nne, Nakivale mara tatu, na lile pigo la kukutana linasikika kifuani. Usiwaeleze hesabu kwanza, waache walisikie, utaona vichwa vinainuka vyote kwa pamoja. Anayepotea anyamaze asubiri lile pigo zito, aingie hapo, hahitaji ruhusa wala kuomba samahani. Kwangu mimi hili ndilo zoezi bora kuliko yote, sababu kila mtu anashika la kwake na bado wako pamoja, na hakuna anayehitaji kuwa fundi.

Kuitana na kujibu nayo iko, mmoja anapiga wote wanarudisha. Mzunguko upite kwa kila mtu, na sheria iwe hata pigo moja ni zamu kamili. Mtu akipiga moja tu, du, duara lote linamjibu moja tu, kwa heshima ile ile. Usiongeze kamsisimko kako hapo.

Mnaweza kupandisha sauti, ndiyo, watu wanapenda na inatoa kitu. Ila fupi, dakika mbili, na kushuka kuwe kurefu kuliko kupanda, na kama leo kuna mtu hajalala, acheni kabisa. Malizeni kwa mdundo ule wa kwanza ukififia mpaka viganja vimekaa tena juu ya ngozi. Msimalizie juu. Watu wakiondoka na makelele kifuani wanafika stendi ya boda bado wako juu, na kukesha kwa mtu wa baipola kunaanzia hapo.

Nilisema nitarudi kwenye engalabi. Wengi wetu tunaishi na watu waliokimbia vita, Ituri, Kivu, Sudan Kusini, na kofi moja kali la engalabi kutoka mgongoni linafanana na risasi. Nimeona baba mzima akishuka chini ya benchi. Kwa hiyo engalabi ikae mahali wote wanaiona, anayeipiga aseme anaanza, na aanze kwa vidole. Kama kuna mtu hawezi kabisa, ikae nyumbani, hakuna hasara.

Na chagueni midundo kwa akili maana ngoma zetu zinaongea. Ule wa bulungi bwansi ambao kila Muganda anaujua, saagala agalamidde, sitaki mtu aliyelala, unaitia watu kazi ya kijiji, ni mzuri sana lakini fikiria unampigia mtu ambaye tatizo lake ni kwamba hawezi kutoka kitandani na nyumbani wanamwita mvivu kila siku. Mdundo huo uacheni. Midundo ya koo pia muulizane kwanza, na ngoma iliyotoka kwenye sabo, ile nyumba ya mizimu, usiilete, hata ukipewa bure.

Hapo dini inaingia. Kuna mlokole atasema ngoma inaita mashetani, kuna shehe atauliza wanaume na wanawake wanakaaje. Msibishane. Mwite mchungaji, mwite shehe, waje wakae asubuhi moja waone kuna nini, na mkubaliane na wanakikundi kabla hamjaleta mgeni yeyote. Kwa Waislamu wengi ngoma za matali si kitu kigeni, wakiona hakuna ibada ya ajabu wanatulia. Na wazee wa Kiganda wengine bado wanashikilia kwamba mwanamke hapigi ngoma, ilikuwa desturi zamani, jajja, yaani babu au bibi, akisema hivyo umsikilize kwa heshima, umwambie siku hizi mabinti wanapiga shuleni, na usikubali wanawake wapewe ensasi, vile vibuyu, tu watikise wakati wanaume wanapiga. Wao ndio wengi kwenye dipresheni.

Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ajue, majirani wajue. Kambini unaanzia ofisi ya OPM, ile ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi. Ngoma ya ghafla kwa wengine ni taarifa ya msiba au hatari. Lakini usiwaambie majirani hawa ni wagonjwa wa nini, sema ni kikundi cha ngoma, kweli ni kikundi cha ngoma. Jina la kikundi lisiwe na neno akili ndani. Simu ziwekwe kwenye kikapu, hakuna video, hakuna picha za wasap, hata yule mfadhili akiomba picha moja tu ya ripoti mwambie hapana au mpige picha mikono na ngoma. Mtu akiitwa mulalu, yaani kichaa, mara moja kwenye mtaa wake kwa sababu ya video yako, hatoki tena nyumbani.

Mkimaliza kupiga msitawanyike. Uji, mandazi, na mazungumzo yasiyolazimishwa. Uliza mwili uko aje sasa, mikono, kifua, tumbo, watu wanajibu hiyo rahisi kuliko kuulizwa moyo. Wengine wataongea sana, wengine watakunywa uji. Akitokea mtu anasema amechoka kuishi, hata kwa utani, hata kwa nusu sentensi, kaa naye, muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpi wazo ambalo hana, na asiachwe aende peke yake, mpelekeni siku hiyo kituo cha afya au Butabika kama mko Kampala, na kama mko mbali hospitali kubwa za rufaa kama Mbarara, Gulu na Arua zina wodi ya akili.

Mtu akikosa mara mbili mfululizo mtembelee, wewe na mwanakikundi mmoja aliyemzoea, bila sare na bila ngoma. Msimuulize kwa nini hukuja. Mwambieni tu Jumamosi tuko, na boda ikiwa ndiyo shida changieni boda.

Ngoma zikae kwa mtu mmoja, juu, mbali na sakafu, panya wanapenda ile ngozi na mvua ikiilowesha inalegea na kutoa sauti ya gunia. Ikilegea ianike juani nusu saa kabla hamjaanza, au karibu na moto wa makaa lakini uwe unaigeuza, ikikaa upande mmoja inapasuka. Ikipasuka kweli rudini Mpambire, wanabadilisha ngozi, hamhitaji kununua nyingine, na mkienda msiende nyinyi viongozi tu, chukueni watu wawili watatu wa kikundi wao ndio wagonge-gonge na kuchagua sauti, maana wao ndio watakaoipiga.